Acheni Kuitisha Kiboko

Nilitolewa kwenye grupu ya ploti yetu Jumapili moja, saa nne usiku. Kosa langu lilikuwa swali. Tulikuwa tumechanga pesa za soja, za balbu za ngazi, na za kuzibua mtaro uliokuwa ukirudisha maji machafu mpaka milangoni mwa nyumba za chini. Miezi mitatu ilikuwa imepita na hakuna aliyetuambia pesa zimefika wapi. Nikaandika kwa adabu zangu zote: "Habari za jioni majirani. Mwenyekiti, tunaweza kupata hesabu kidogo?" Watu wawili wakaweka kidole gumba. Baada ya dakika kama tano hivi, simu ikanijulisha kwamba mimi si mwanachama tena.

Asubuhi nikakutana na jirani wa namba tisa kwa ngazi. "Na wewe pia," akaninong'oneza, "si ungenyamaza tu?" Jirani huyu hakuwa amechanga hata bob tangu mwaka uanze, na kila mtu alijua, kwa sababu orodha ya majina ilitumwa kwenye grupu kila mwisho wa mwezi na mbele ya jina lake palikuwa patupu. Mimi nilikuwa nimelipa kila mwezi bila kukumbushwa. Yeye alibaki kwa grupu. Mimi nikatolewa.

Ningependa kusema nilionewa, niishie hapo. Lakini lazima nikiri: kile kiboko nilikichonga mimi mwenyewe. Mwaka uliotangulia, watu walipokuwa wakikwepa mchango na kukosa usafi wa Jumamosi, mimi ndiye niliyesimama pale karibu na tangi la maji, kwenye mkutano wa wapangaji, nikatamka yale maneno ambayo sote tunayajua: "Mkenya haendi bila kiboko." Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akaongezea kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo hiyo tukapitisha faini ya shilingi 200 kwa kila anayekosa usafi, na tukampa mwenyekiti mamlaka ya kuwatoa "wasumbufu" kwenye grupu. Hakuna aliyeuliza ni nani ataamua msumbufu ni nani. Hata mimi sikuuliza.

Tangu nitolewe, nimekuwa nikiyasikiliza maneno yale kwa sikio jingine, na sasa nayasikia kila mahali. Jamu ikikwama kwa sababu matatu tatu zimepanda juu ya njia ya waendao kwa miguu, abiria anasema, "Tunahitaji Michuki mwingine." Takataka zikitupwa mtoni, "Hawa watu wachapwe faini wakome." Mjadala wa siasa ukituchosha, mtu msomi kabisa, mwenye digrii mbili, anasema tunahitaji dikteta mwema. Siku hizi wako hata wanaosema sayansi imethibitisha: wanauchumi wamefanya majaribio, wameona kwamba bila adhabu watu hawashirikiani, na wenye adhabu wanashirikiana. Kwisha maneno.

Nimeyasoma majaribio hayo. Hayasemi hivyo. Yanasema jambo ambalo linapaswa kututia aibu sisi tunaoitisha kiboko kila tukikasirika: adhabu haizai ushirikiano. Adhabu inalinda ushirikiano ambao watu tayari wanauamini. Pasipo imani hiyo, fimbo ile ile inamwangukia yule anayechanga.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Watu wanne wanakaa kila mmoja kwenye kompyuta yake, hawajui wanacheza na nani. Kila mmoja anapewa pointi 20, na pointi hizo mwishoni zinageuzwa kuwa pesa za kweli. Unaweza kujiwekea zote, ama kuzitia kwenye mfuko wa pamoja, zote au kiasi. Kila pointi inayoingia mfukoni inamrudishia kila mmoja wa wale wanne pointi 0.4, awe amechanga au hajachanga. Piga hesabu. Wote wakitia 20, kila mmoja anatoka na 32. Watatu wakitia zote na mmoja akakausha, yule aliyekausha anatoka na 44, na wenzake wanaambulia 24 kila mmoja. Hiyo ndiyo ploti yetu, na ndiyo chama chako. Ndiyo nchi pia, ukitaka.

Ukiucheza mchezo huu raundi nyingi, mambo huenda jinsi unavyodhani. Mwanzoni watu wanatoa kama nusu ya walicho nacho. Kisha wachangaji wanaona kuna mtu anakula jasho lao, nao wanapunguza. Raundi baada ya raundi mfuko unakauka. Wengi wao si wabaya. Wamekataa tu kuwa mafala.

Mwaka 2000, na tena mwaka 2002 katika jarida la Nature, wanauchumi Ernst Fehr na Simon Gächter walionyesha kinachotokea ukiongeza kanuni moja. Baada ya kila raundi unaona wenzako wametoa nini, na ukitaka unaweza kumwadhibu mtu. Katika jaribio la 2002 lililofanyiwa wanafunzi wa Zurich, ulilipa pointi 1 yako ili kumpunguzia mwenzako pointi 3. Vikundi vilichanganywa upya kila raundi, kwa hiyo uliyemwadhibu hungekutana naye tena. Kwa akili ya duka hakuna faida yoyote ya kumwadhibu. Lakini watu waliadhibu, walilipa kutoka mfuko wao, na michango ikapanda badala ya kushuka.

Hapa ndipo wapenda viboko huacha kusoma. Wanafunga kitabu, wanakimbia kuitisha mkutano karibu na tangi la maji.

Mimi nawaomba mfungue ukurasa unaofuata. Mwaka 2008, Benedikt Herrmann, Christian Thöni na huyo huyo Gächter walichapisha katika jarida la Science matokeo ya mchezo huo huo, kanuni zile zile, katika miji 16: Boston, Copenhagen, Bonn, Seoul, Chengdu, Istanbul, Athens, Riyadh, Muscat na mingineyo. Hakukuwa na mji hata mmoja wa Afrika kwenye orodha, lakini tulieni, tutafika nyumbani. Katika miji kama Boston na Copenhagen, hadithi ya Zurich ilijirudia: wakwepaji waliadhibiwa, michango ikapanda. Boston walifika wastani wa pointi 18 kati ya 20. Kwingine kukatokea kitu ambacho vitabu havikuwa vimekitilia maanani. Watu walikuwa wakilipa pesa zao kuwaadhibu waliochanga zaidi yao. Muscat na Athens ndizo zilizoongoza kwa tabia hiyo. Athens, wakiwa na fimbo mkononi, wastani wa mchango haukufika hata pointi 6.

Tafadhali usome hayo tena taratibu. Fimbo ni ile ile, bei yake ni ile ile, wachezaji wote ni wanafunzi wa chuo. Mahali pamoja fimbo ilimnyoosha mkwepaji. Mahali pengine ilimnyamazisha mchangaji.

Na kabla hujaanza kusema Wagiriki wako hivi na Waarabu wako vile, watafiti wale walitafuta tofauti inayoendana na matokeo. Waliangalia jinsi watu wa nchi hizo wanavyoona makosa kama kukwepa kodi au kupanda gari la umma bila kulipa nauli: ni aibu, ama ni ujanja? Wakaangalia pia jinsi watu wanavyoamini kwamba sheria inafanya kazi. Pale ambapo kukwepa ni ujanja na sheria haiaminiki, adhabu hii ya kinyume ilishamiri. Sehemu yake ni kisasi: umeniadhibu raundi iliyopita, sijui ni nani kati yenu, basi nawachapa nyinyi wenye kuchanga, maana lazima ni nyinyi. Mwaka huo huo Nikos Nikiforakis alichapisha jaribio ambalo aliyeadhibiwa aliruhusiwa kurudisha pigo. Mara watu wakaogopa kuadhibu, na ushirikiano ambao fimbo ilikuwa imeuinua ukaporomoka.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana hapa Kenya hatuhitaji maabara ili kuijua adhabu ya kinyume. David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona malipo makubwa yakipita mezani kwa ajili ya dhahabu na almasi ambazo hazikuwahi kuuzwa nje, akatoa nyaraka. Hivyo ndivyo nchi ilivyoanza kuifahamu Goldenberg. Munyakei alichanga kila alichokuwa nacho kwenye mfuko wetu wa pamoja. Akakamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, akapoteza kazi. Mashtaka hayakumtia hatiani, lakini kazi haikurudi. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Wenye majina makubwa kwenye kashfa hiyo, wewe mwenyewe unajua waliishije.

Hiyo ndiyo nchi tunayotaka kuiongezea viboko? Kila ofisi ina Munyakei wake mdogo. Ni yule karani anayekataa "chai", anahamishwa kwenda mbali na familia yake kwa barua ya mistari mitatu. Ni mwalimu anayeuliza pesa za chakula cha wanafunzi zilienda wapi. Ni mtu wa ploti anayeomba hesabu. Hatuna upungufu wa adhabu. Adhabu tunazo tele, ila zimeelekezwa upande usiofaa, na ukiongeza nguvu ya pigo bila kugeuza mwelekeo, umemwongezea maumivu yule yule.

Hata pale fimbo inapomlenga mkwepaji wa kweli, kuna shimo jingine. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli, kwa wiki 20. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, mwalimu anabaki akisubiri. Katika vituo 6 ikaanzishwa faini ya shekeli 10 kwa kila kuchelewa. Wazazi wanaochelewa wakaongezeka, mpaka wakawa karibu mara mbili ya awali. Zamani mzazi alikuwa akimwonea mwalimu haya. Faini ilipokuja, haya ikapata bei, na bei yenyewe ilikuwa ndogo. Faini ilipoondolewa, wazazi waliendelea kuchelewa vile vile. Ile haya haikurudi.

Niliposoma hayo nilicheka kwa uchungu. Kabla ya faini yangu ya shilingi 200, Jumamosi asubuhi tulikuwa tukitokea kama watu kumi na wanne na fagio zetu. Baada ya faini tukawa sita. "Mimi nitatuma tu hiyo mia mbili, wacha nilale," dada mmoja aliniambia, na hakuniambia kwa ubaya. Aliona anafanya haki. Alikuwa amelipa. Zamani angeona haya kupita na ndoo yake sisi tukiwa tumeinama mtaroni. Sasa alipita akitusalimia. Nikagundua kwamba nilikuwa nimeuza kitu ambacho hakikuwa changu kukiuza.

Mtetezi wa kiboko atasema: sawa, hayo ni ya Israeli na Ugiriki. Mkenya ni mtu mwingine. Mkenya hajali, lazima asukumwe.

Uongo, na ushahidi wake umefanyiwa hapa hapa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Joseph Henrich na wenzake walikwenda kwa jamii 15 duniani, zikiwemo za Wagusii, Wamaragoli na Wasamburu wa Kenya, na Wahadza wa Tanzania. Katika mchezo mmoja, mtu wa kwanza anapewa pesa agawane na wa pili vile apendavyo. Mtu wa tatu anatazama tu. Yeye ana pesa zake, na mgawanyo ule haumhusu. Lakini akitaka, anaweza kutoa sehemu ya tano ya pesa zake ili yule mgawaji mchoyo akatwe zaidi. Wagusii na Wamaragoli walikuwa miongoni mwa waliokuwa tayari zaidi kufanya hivyo. Walilipa pesa zao kumkemea mchoyo kwa niaba ya mtu wasiyemjua. Hao ndio Wakenya "wasiojali." Tunajali mpaka tunalipia.

Na kuna Waorma wa Tana River, ambao mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliishi na kufanya kazi nao kwa miaka mingi. Alipowaeleza mchezo wa mfuko wa pamoja, hawakuhitaji maelezo marefu. Walisema: hii ni harambee. Wakaubatiza jina hilo hilo, mchezo wa harambee. Kwa wastani walitoa zaidi ya nusu ya walichopewa, na robo hivi ya wachezaji walitoa chote. Katika mchezo huo hapakuwa na fimbo. Palikuwa na neno moja walilolijua, ambalo kwao lilikuwa limekwisha kujenga madarasa na barabara, na neno hilo liliwaambia ni nini mtu mzima hufanya akiitwa kuchanga.

Lakini neno hilo hilo lina historia nyingine, waulizeni wazazi wenu. Chini ya utawala wa Moi, harambee iligeuka kuwa ushuru. Wafanyakazi wa serikali wakakatwa mishahara bila kuulizwa, machifu wakashika kuku na mbuzi wa waliokosa "kuchangia maendeleo", na wanasiasa wakasimama jukwaani kutoa mamilioni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuuliza yametoka wapi. Harambee ilipotiwa kiboko ndipo watu walipoanza kuikwepa. Leo ukisema harambee mbele ya vijana wa mjini, nusu yao wanashika mifuko yao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, uko barabarani. Wanauchumi James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya. Stika hazikumtisha dereva. Zilimwambia abiria: dereva akiendesha vibaya, usinyamaze, sema. Madereva waliodumisha stika waliingia kwenye bahati nasibu ya kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa nusu mpaka theluthi mbili katika matatu zilizochaguliwa kwa jaribio. Walirudia baadaye kwa matatu nyingi zaidi, na upungufu ulikuwa kati ya robo na theluthi. Kidogo kuliko mara ya kwanza, lakini ni watu waliofika nyumbani. Kampeni iliyotokana na hapo iliitwa Zusha!

Fikiria kilichotokea ndani ya gari. Kila abiria alikuwa tayari anaogopa. Dere anapita lori kwenye kona, kila mtu anashika kiti cha mbele, kila mtu anasali kimoyomoyo, na kila mtu anadhani ni yeye peke yake. Ukisema, makanga anakujibu, "Mama, nunua gari lako," na gari zima linaangalia dirishani. Hiyo pia ni adhabu ya kinyume: anayesema kwa niaba ya wote anatozwa aibu peke yake. Stika haikuongeza kiboko chochote. Haikuongeza polisi. Ilimjulisha kila abiria kwamba wengine nao wamesoma maneno yale yale, kwa hiyo akifungua mdomo, wa nyuma ataitikia. "Dere, punguza!" "Ni ukweli, punguza bwana!" Kanuni ilikuwa ndani ya watu. Ilikosa tu ruhusa ya kutoka.

"Lakini Michuki!" Najua, najua. Februari 2004, John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, sheria zake zilianza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, ule mstari wa njano, sare za dereva na kondakta, mwisho wa kubebana kama viazi. Kwa muda, matatu zilikaa sawa. Sikatai. Watu wengi walizifurahia sheria hizo kwa sababu walikuwa wakizitamani, na abiria aliweza kusema "nipe mkanda" bila kuonekana mshamba. Lakini panda matatu leo jioni, uketi kiti cha nyuma, utafute mkanda. Ukiupata, uufunge, kisha uangalie shati lako limechafuka kiasi gani. Sheria hazijafutwa. Fimbo ilibaki mikononi mwa mtu wa barabarani ambaye aliweza kuiuza, noti moja kwa kila safari, na bei ikajulikana na kila kondakta. Haifa tena, ila hapa faini haifiki hata kwenye hazina. Anayeitisha Michuki mwingine anaitisha miezi michache mizuri na miaka ishirini ya hongo.

Sisemi adhabu zifutwe. Nisingependa kuishi kwenye ploti ambayo mwizi wa pampu anaambiwa pole. Na majaribio yenyewe hayasemi hivyo. Gächter, Elke Renner na Martin Sefton walipouendesha mchezo kwa raundi 50 badala ya 10, waliona kwamba baada ya muda watu karibu hawakuhitaji kuadhibu kabisa. Ilitosha kujua fimbo ipo. Mfuko ukajaa na gharama ya fimbo ikawa ndogo sana. Fimbo bora ni ile iliyoegemezwa ukutani ikiota vumbi.

Swali ni inafikaje ukutani. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza wavuvi, wafugaji na wakulima wa mifereji ambao wametunza mali ya pamoja kwa vizazi. Aliona kwamba walikuwa na adhabu, lakini adhabu za namna fulani. Kanuni zilitungwa na wale wale zinaowabana. Anayekagua aliwajibika kwa wanaokaguliwa. Kosa la kwanza lilipata adhabu ndogo, karibu ya ukumbusho tu, kisha ikapanda. Na katika majaribio yake na James Walker na Roy Gardner ya mwaka 1992, vikundi vilivyofanya vizuri kuliko vyote ni vile vilivyozungumza kwanza, kisha vikachagua vyenyewe kuwa na adhabu. Mazungumzo yalitangulia fimbo. Sisi huanza na fimbo, tukachoka, tukaenda nyumbani.

Kama unaona haya ni mambo ya kinadharia, kumbuka Juni 2024. Hakuna aliyetutoza faini ili tufike mjini kupinga Mswada wa Fedha. Watu wasiojuana walichangia maji, nauli na bili za hospitali za majeruhi. Kila mmoja angeweza kukausha akabaki nyumbani, mswada ukianguka angenufaika sawa na aliyekohoa moshi. Hesabu ya mchezo ilisema tukauke. Hatukukauka. Na kiboko kilipokuja, kilikuja na risasi, kikawaangukia wachangaji, na wengine hawakurudi nyumbani. Kizazi kilichoona hayo kwa macho yake, kikageuka na kusema shida ya Wakenya ni kukosa kuadhibiwa, kimesahau ni nani aliyekuwa upande gani wa fimbo. Mkuki kwa nguruwe, ndugu zangu.

Kwa hiyo mtu akisimama karibu na tangi lenu la maji akasema Mkenya haendi bila kiboko, msipige makofi kama tulivyopiga sisi. Muulizeni mambo matatu. Kanuni hii ilitungwa na nani, na wanaobanwa walikuwapo? Atakayeshika fimbo amechanga kiasi gani, na hesabu zake ziko wapi? Na siku fimbo itakapompiga asiyestahili, atalalamika kwa nani? Akikosa jibu moja, mwambieni aketi.

Ploti yetu bado tunaishi pamoja. Sijarudishwa kwenye grupu, na sijaomba. Lakini mwezi uliopita dada wa "wacha nilale", jamaa mmoja wa ghorofa ya tatu na mimi tulichukua karatasi tukaibandika ukutani pale kwa lango, tukachora safu mbili: iliyoingia, iliyotoka. Tukaandika michango yetu watatu na bei ya balbu mbili tulizonunua, na risiti tukaigundisha pembeni. Hatukuandika neno kuhusu faini. Wiki ya kwanza karatasi iling'olewa. Tukabandika nyingine. Jumatano iliyopita nikirudi kazini nilikuta mstari mpya, mwandiko siufahamu, kalamu ya bluu: namba tisa, shilingi 300, mtaro.